Nalala saa tisa usiku, naamka nimechoka: ni maisha ya chuo au ni ugonjwa?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili, nasomea ualimu wa sayansi hapa Dodoma. Muhula uliopita nilipata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, kitu ambacho hakijawahi kunitokea tangu nianze shule. Nalala saa tisa usiku, naamka saa nne asubuhi nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Vipindi vya saa moja nimeviacha. Nakula mara moja kwa siku, mara nyingi chipsi, na usiku nashikilia kinywaji cha nguvu ili nisome. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, laki sita hivi ya miezi miwili, natuma nusu nyumbani kwa ajili ya ada ya mdogo wangu, na linalobaki halifiki wiki ya nne. Zamani niliimba kwaya, sasa sina hamu hata ya kuchana nywele. Mama anasema nizidishe maombi. Rafiki yangu anasema ni uvivu, nibadilishe mtindo wa maisha nitakuwa sawa. Je, nikibadilisha nitapona, au tayari naumwa? Kuna usiku natamani nilale nisiamke."

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanza kuijibu kutoka mkiani, maana sentensi yako ya mwisho umeiweka kama mtu anayerudishia mlango taratibu asije akaamsha watu. Nimeisikia.

Katika miaka niliyokaa na wanafunzi wa vyuo, maneno ya "natamani nilale nisiamke" nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wengi wanaoyasema hawatafuti kufa. Wanatafuta pa kupumzikia na hawapaoni. Lakini hilo si jambo la kukisia kwa barua. Kabla wiki hii haijaisha, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini maneno hayo hayo, bila kuyapunguza makali, kisha nenda zahanati ya chuo au kliniki ya afya ya akili ukaseme vivyo hivyo. Na kama mawazo hayo yameshapata sura, yaani umeshawaza njia au siku, basi habari ya wiki ifute. Nenda leo, idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, ukiwa na mwenzio, na usiku usilale peke yako. Wenzako wa chumbani nao wajue kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humtua mzigo.

Haya, sasa swali lenyewe.

Kwa barua sitoi cheti cha ugonjwa, ila ninachokiona nitakuambia. Sisi hutazama mambo makuu mawili: huzuni au utupu usioondoka, na kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili. Kisha tunatazama saba yanayofuatana nayo: usingizi ulioharibika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, akili kushindwa kutulia kwenye kitu kimoja, kujiona hufai, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo. Yakifika matano kati ya hayo tisa, mojawapo likiwa katika yale makuu, na yakawa yanavuruga masomo au maisha, hapo tunaanza kuzungumzia sonona. Rudi kwenye barua yako uhesabu mwenyewe. Kwaya umeiacha. Nywele huchani. Usingizi umepinduka, chakula kimepungua, masomo yameshika breki, na ile sentensi ya mwisho.

Kwa hiyo ndiyo, nakuchukulia kama mtu anayeumwa. Na uvivu? Mvivu hufurahia kulala. Wewe unaamka umechoka kuliko ulivyolala, halafu unajilaumu mchana kutwa. Sijawahi kumwona mvivu wa namna hiyo.

Wala hauko peke yako. Mwaka 2018 zilichapishwa takwimu za mradi wa kimataifa unaohusishwa na Shirika la Afya Duniani, uliowapima karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza kutoka vyuo 19 vya nchi 8, Afrika Kusini ikiwemo. Asilimia 35 walionyesha dalili za angalau tatizo moja la akili katika maisha yao, sonona na wasiwasi uliopitiliza vikiwa mbele. Katika chumba cha watu sita, hao ni wawili. Huenda mwenzako wa kitanda cha juu naye anajikausha tu.

Sasa, rafiki yako hajakosea kila kitu. Mtindo wa maisha unahusika, tena sana. Kosa lake ni kudhani njia ni ya upande mmoja: umeishi vibaya, ndiyo maana umeharibikiwa. Sonona yenyewe hula hamu, na asiye na hamu hapiki wala haendi kantini, anasubiri njaa imshinde kisha ananunua kilicho karibu na mlango. Sonona huharibu usingizi, na asiyelala hukosa subira, hukosa kumbukumbu, huacha kipindi, akikosa kipindi huona haya kukutana na wenzake, na mtu mwenye haya hujifungia chumbani na simu mpaka alfajiri. Ukimwuliza kilianza kipi, hajui, na mimi pia mara nyingi sijui. Jambo la maana ni kwamba mzunguko wa namna hii unaweza kuukata popote. Hulazimiki kwanza upate hamu ndipo uamke mapema. Unaweza kuamka bila hamu yoyote, na hamu ikafuata nyuma kwa siku kadhaa.

Mahali pazuri pa kukata, kwa maoni yangu, ni usingizi. Siyo chakula, siyo mazoezi, wala siyo simu, ingawa vyote nitavigusa.

Sababu yangu ni hii. Zamani hata sisi madaktari tulikuwa tunauona usingizi mbovu kama kivuli tu cha sonona: tibu ugonjwa, kivuli kitaondoka. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 3,755 wenye shida ya usingizi katika vyuo vikuu 26 vya Uingereza. Nusu walipewa kwa njia ya intaneti mafunzo ya kurekebisha usingizi, vipindi sita vifupi, na nusu wakaendelea na maisha yao kama kawaida. Hakuna aliyefundishwa kutibu huzuni. Lakini waliofundishwa kulala hawakuishia kulala vizuri tu. Sonona na wasiwasi vilipungua, na hata yale mawazo ya kuhisi watu wanakuwinda yalipungua. Yaani waligusa kivuli, na mwenye kivuli akasogea. Tangu hapo mwanafunzi akikaa mbele yangu, swali la kwanza baada ya jina ni saa ya kuamka.

Umri wako nao una neno. Saa iliyo ndani ya mwili, ile inayoamua lini usingizi uje, husogea mbele tangu mtu anapobalehe, na kuchelewa huko hufika kilele karibu na miaka 20, kisha huanza kurudi. Ndiyo maana bibi yako anasinzia saa tatu usiku, na wewe saa hiyo ndiyo akili inafunguka. Hilo ni umbile, si utovu wa adabu. Tatizo ni kwamba chuo kinaongeza juu yake vitu vinavyolisukuma mbele zaidi. Kuna bando la usiku, la bei nafuu kuliko la mchana, kwa hiyo mwanafunzi asiye na hela anajifunza kukesha ili apakue mihadhara na kuangalia tamthilia. Kuna kiongozi wa darasa anayetuma tangazo la kubadilisha ukumbi saa tano usiku. Kuna chumba cha wanne kinacholaza saba kwa sababu ya kubebana, yaani kulaza wenzenu wasio na vyumba, taa haizimwi, na mmoja yuko kwenye simu na mchumba. Unaambiwa ulale saa nne usiku, utalala wapi?

Kwa hiyo sikuambii ulale mapema. Ukipanda kitandani saa nne leo utagaagaa mpaka saa nane, utajichukia, na kesho utaandika kwamba ushauri wa daktari haufai. Saa ya kulala huwezi kuilazimisha. Saa ya kuamka unaweza. Anza na hiyo peke yake. Leo unaamka saa nne. Kesho weka kengele saa tatu na nusu, ikae hivyo siku mbili, kisha rudisha nusu saa nyingine, na nyingine kila baada ya siku mbili. Ndani ya wiki mbili utakuwa umefika saa kumi na mbili na nusu. Jumamosi iwe hivyo, Jumapili iwe hivyo, hata kama ulilala saa nane. Hasa kama ulilala saa nane. Simu yenye kengele iwe mbali na mkono, juu ya kabati, umlazimishe mwili usimame. Ukishasimama toka nje. Jua la Dodoma la saa moja ndilo linaloipanga upya saa ya mwilini, na mwanga wa taa ya chumbani haulifikii hata robo. Kunywa chai yako huko huko barazani.

Mchana ukizidiwa, jilaze dakika 20, si zaidi, na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Kitanda kisiwe meza ya kusomea wala ukumbi wa sinema. Najua chumba ni kimoja na kiti ni kimoja, lakini hata kukaa upande wa miguuni unaposoma, na kuhamia upande wa mto unapolala, kuna tofauti kwa ubongo. Vitu vya kuziba masikio vinauzwa maduka ya dawa, na leso nyeusi juu ya macho haina gharama.

Siku tano za kwanza zitakuwa mbaya. Utachoka vibaya sana. Uchovu huo ndio dawa yenyewe, maana ndio utakaouvuta usingizi uje saa sita, kisha saa tano na nusu. Usiuue kwa kinywaji cha nguvu.

Nimekifikia. Uchovu wa mchana kutwa hujengwa na kemikali moja inayojilimbikiza kwenye ubongo kadiri unavyokaa macho, na kafeini haiiondoi. Inakalia tu viti vyake ili ubongo usiione. Uchovu uko pale pale nje, unasubiri. Kopo la mililita 250 la chapa nyingi zinazojulikana lina kafeini kiasi cha miligramu 80, karibu sawa na kikombe cha kahawa, pamoja na sukari nyingi. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu. Ukinywa saa tatu usiku, saa nane bado nusu yake inatembea kwenye damu, moyo unadunda, unadhani ni wasiwasi wa mtihani. Wanafunzi wangu wengine nimewaona wakitibiwa wasiwasi ambao nusu yake ilikuwa ndani ya kopo. Mwisho wako uwe saa nane mchana. Kama umezoea makopo mawili, punguza kwa wiki, usikate ghafla, kichwa kitakuuma bure.

Kuhusu kukesha venyu, yaani kwenye kumbi za mihadhara, siku za mitihani, najua sitashinda ubishi huu, lakini nitasema. Ukiwa macho saa 17 mfululizo, kasi na umakini wako hushuka kufikia kiwango cha mtu mwenye kilevi asilimia 0.05 kwenye damu. Jambo hili lilipimwa Australia tangu miaka ya 1990. Umeamka saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa tano usiku uko hapo. Tena ulichosoma jioni kinahitaji usingizi wa usiku huo huo ili kikae. Anayekesha anajaza ndoo inayovuja. Sapu zako mbili, nakisia, hazikutokana na kusoma kidogo.

Chakula sasa. Nikuambie ukweli, makala nyingi za lishe na afya ya akili zimeandikwa kwa mtu mwenye jokofu. Samaki wa baharini, mafuta ya zeituni, sijui parachichi na mbegu. Zinatoka kwenye tafiti za kweli: mwaka 2017 huko Australia watu 67 wenye sonona na mlo mbovu waligawanywa, wengine wakasaidiwa kubadilisha mlo kwa wiki 12, wengine wakapewa mtu wa kuzungumza nao tu. Karibu theluthi moja ya waliobadilisha mlo walitoka kwenye sonona, upande wa pili asilimia 8. Watu 67 ni wachache, sikuuzii kama muujiza. Lakini ukiuvua mlo ule majina ya kigeni unabaki na kunde, mboga za majani, samaki, matunda, karanga, na vitu vichache vya kukaangwa na vya sukari. Hicho ni chakula cha mama lishe. Maharage, mchicha, dagaa, na hapo Dodoma kwa Wagogo una ugali wa uwele na mlenda, ambao vijana wa mjini mnauonea aibu bila sababu. Chipsi mayai si dhambi. Kuwa ndicho chakula pekee ndani ya saa 24, saa mbili usiku, tumbo tupu tangu jana, hapo ndipo penye shida: sukari ya damu inapanda na kushuka, na hali ya moyo inapanda na kushuka nayo. Kula ndani ya saa moja ya kuamka, hata kama ni uji na kipande cha muhogo. Mwili husoma saa kwa mwanga, na husoma pia kwa chakula.

Ukienda zahanati omba wapime wingi wa damu. Binti anayekula mara moja kwa siku na kwenda hedhi kila mwezi anaweza kuwa na upungufu wa damu, nao huleta uchovu, kizunguzungu na akili nzito vinavyofanana sana na sonona. Tezi ya shingo nayo ikilegea hufanya hivyo hivyo. Nimewahi kumwona kijana aliyeombewa na kushauriwa miezi sita kumbe alihitaji vidonge vya madini ya chuma. Na alihitaji ushauri pia, tusidanganyane, lakini vidonge vilitangulia.

Huwezi kuzungumzia chakula bila kuzungumzia bumu, na hapa ndipo barua yako iliponigusa zaidi. Hesabu yako ni hii: laki sita ya siku 60, unatuma laki tatu. Unabaki na shilingi 5,000 kwa siku, na humo kuna nauli, bando, sabuni, fotokopi na chakula. Laki tatu isipofika wiki ya nne maana yake inatoka kwa zaidi ya 10,000 kwa siku, yaani kama vile hukutuma kitu. Wakati huo huo unakula mara moja. Kwa hiyo nakisia haiendi tumboni. Inalipa madeni ya mzunguko uliopita kabla hujaishika vizuri, na pengine kuna mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwenye simu hujanitajia. Mtu anayedaiwa hulala na simu mkononi akiogopa iite. Hayo hayaponi kwa uji.

Kumsaidia mdogo wako siyo tabia mbaya ya kuachwa, na sitakuambia uwakatie nyumbani. Lakini kaa na mama kwenye simu, mchana si usiku, umwambie hesabu kama nilivyokuandikia hapa, kwa tarakimu. Wazazi wengi wanadhani bumu ni mshahara. Hawajui kwamba ni hela ya kula. Chagueni kiasi kimoja kisichobadilika, kinachotumwa mara moja, na ukishatuma umemaliza. Halafu siku hiyo hiyo bumu linapoingia, kabla hujalipa mtu, nenda kwa mama lishe unayemwamini umlipe mlo mmoja wa mchana wa mwezi mzima, akuandikie kwenye daftari. Wanakubali, wanapenda hela ya mbele. Hapo hata ukifilisika tarehe kumi na tano, mchana utakula, na utakula ukiwa umekaa benchi na watu. Madeni yaandike yote kwenye karatasi moja. Nimeona watu wakilia wakati wa kuandika, kisha usiku ule wakalala.

Simu sitakaa sana juu yake, maana mmeshahubiriwa vya kutosha. Ushahidi upo: wachumi wana utafiti mmoja mzuri wa mwaka 2022 uliotazama Facebook ilivyoingia vyuo vya Marekani kimoja baada ya kingine kuanzia 2004, na kila ilipofika, wanafunzi wa pale walieleza hali mbaya zaidi ya akili kuliko vyuo ambavyo haikuwa imefika. Na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wanafunzi waliojipunguzia mitandao hadi dakika 30 kwa siku kwa wiki tatu walipungukiwa upweke na huzuni. Lakini mimi nikiwa na mwanafunzi sianzi na kumnyang'anya simu, kwa sababu wakati mwingine simu ndiyo rafiki wa mwisho aliyebaki. Nauliza inachukua nafasi ya nini. Kwako inachukua nafasi ya usingizi. Basi ikae juu ya kabati kuanzia saa tano na nusu usiku, na status za watu waliohitimu zisomwe mchana, ukiwa umeshiba. Zinauma kidogo.

Mazoezi: neno hilo lenyewe linawatisha wasichana wengi, wanaona viatu vya laki na uwanja uliojaa wavulana. Tembea. Mwaka 2024 zilijumlishwa tafiti 218 kuhusu mazoezi na sonona, zenye washiriki zaidi ya 14,000, na kutembea kwa haraka ni miongoni mwa yaliyofanya vizuri, sambamba na kukimbia taratibu, yoga na kunyanyua vitu vizito. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 kwa wiki kama kiwango cha chini. Vilima vya Dodoma, na umbali kutoka hosteli hadi darasani, vinakupa nusu yake bila wewe kutaka, ukiacha bodaboda. Tembea asubuhi, na mwenzio, kwa usalama na kwa sababu miadi na mtu ni migumu kuvunja kuliko miadi na nafsi. Pombe na mirungi hukuvitaja. Kama vipo, vitaje kwa daktari, usivitaje kwangu.

Na kwaya. Ukiniruhusu nichague kitu kimoja tu kwako zaidi ya kuamka, ningechagua kwaya badala ya mazoezi yote niliyotaja. Kuimba na watu ni kupumua pamoja, kufika mahali kwa saa maalumu, kukosekana usipofika. Rudi ukae mstari wa nyuma, usiimbe hata. Mwambie mwalimu wa kwaya kwamba hauko vizuri. Hapo utakuwa umemjibu na mama pia. Maombi yake usiyakatae na usiyafanye kuwa mbadala wa kliniki, mpigie umwambie, "Mama, naomba uniombee, na Jumanne naenda hospitali." Mama wengi hutulia wakisikia vyote viwili kwenye sentensi moja.

Najua ukiambiwa kliniki ya akili, hasa ukiwa Dodoma, kichwani inakuja Mirembe na utani wake wote. Tangu utoto tumefundishwa kulitumia jina hilo kama tusi, ilhali ni hospitali ya taifa, ina madaktari, na watu wengi wanaoingia getini hurudi majumbani kwao jioni ile ile. Unaweza kuanzia zahanati ya chuo kwa kadi ya bima uliyoilipia mwanzoni mwa mwaka. Watakuuliza maswali tisa yanayofanana na yale niliyokutajia, umejisikiaje wiki mbili zilizopita. Jibu kama ulivyoniandikia mimi. Wanaweza kukupa mazungumzo ya tiba peke yake, mara moja kwa wiki, au pamoja na dawa. Ukipewa dawa, ujue hazifanyi kazi kesho. Huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi sita, na wiki ya kwanza zinaweza kukuletea kichefuchefu bila faida yoyote. Dawa za sonona hazina uteja ule mnaouogopa, ila usiziache ghafla bila kusema. Na kama kuna kipindi uliwahi kukaa siku kadhaa hulali kabisa huku ukijisikia una nguvu za ajabu na mipango mingi, mwambie daktari hilo kabla ya yote, maana linabadilisha dawa na linabadilisha hata ushauri wangu wa usingizi.

Omba pia barua ya daktari uipeleke kwa mshauri wa wanafunzi na idara yako. Vyuo vina taratibu za kuahirisha mtihani au muhula kwa sababu za kiafya, na ukiomba mapema, kabla ya mtihani, husikilizwa kuliko anayekuja na cheti baada ya matokeo. Kuahirisha siyo kudisko, yaani kufukuzwa masomo.

Yote haya usiyaanze kwa mpigo. Wiki hii kliniki, na kengele ianzie saa tatu na nusu. Wiki ijayo mama lishe na simu kwa mama. Kwaya utakapoweza.

Niandikie tena baada ya wiki tatu. Sitakuuliza kama umepona. Niambie umeamka saa ngapi siku saba zilizopita, mchana ulikula nini, na ile sentensi ya mwisho ulimwambia nani.